Maswali ya Wasomaji: Mkutano wa Jumatano, Kazi ya Jumamosi

Katika toleo lililopita tuliwaomba wanachama wa klabu za huduma kwa jamii watuletee maswali. Barua zimefika kutoka pande mbalimbali za Uganda: Tororo, Arua, Masaka, Bombo, Jinja na Gulu. Nyingi zinalalamikia kazi iliyoharibika siku ya Jumamosi, lakini ukizisoma kwa makini unaona kosa lilizaliwa katikati ya juma, kwenye mkutano ambao watu walikubaliana "tutafanya" bila kutaja nani, lini na kiasi gani. Kwa hiyo tunaanza na mkutano wenyewe.

Klabu yetu hukutana kila Jumatano saa kumi na mbili jioni. Tunaanza karibu saa moja, tunamaliza saa tatu usiku. Akina mama wameacha kuja, vijana wanatoka katikati wakisema bodaboda zitaisha. Je, tufanye mkutano mara moja kwa mwezi? — Katibu, Tororo

Ndugu katibu, msipunguze mikutano kabla hamjapunguza saa. Mama anayerudi kupika hakimbii mkutano wa kila wiki, anakimbia mkutano usiojulikana utaisha lini.

Mkutano mzuri wa klabu unakaa ndani ya dakika sitini, na hesabu yake ni hii. Saa kumi na mbili kamili kengele inagongwa hata kama waliopo ni watano. Dakika tano ni za sala au dua fupi na wimbo wa taifa, na mkitaka, ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao ni wa Kiswahili na kila mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka ataufuata. Dakika tano za kuwakaribisha wageni. Dakika kumi za taarifa za katibu, mweka hazina na mkuu wa miradi kwa pamoja, si kumi kwa kila mmoja. Ishirini za mgeni mzungumzaji, kumi za maswali. Saba za mgao wa kazi. Tatu za faini na kufunga. Saa moja kamili watu wako mlangoni.

Vitu vitatu ndivyo hula muda. Cha kwanza ni kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita neno kwa neno. Zitumeni kwenye kundi la WhatsApp siku ya Jumatatu, na siku ya mkutano ulizeni tu kama kuna sahihisho. Cha pili ni mgeni mzungumzaji ambaye hakuambiwa dakika zake. Mwandikieni wiki moja kabla: mada, dakika ishirini, na kwamba mtu wa mstari wa mbele atainua karatasi ya njano zikibaki dakika tano na nyekundu zikiisha. Daktari au mwanasheria aliyezoea kuzungumza hatakasirika, atashukuru. Cha tatu, na ndicho kibaya zaidi, ni kubishania mradi mbele ya watu wote. Bei ya mchanga haijadiliwi na watu arobaini. Ipelekeni kwenye kamati ya watu watano hadi saba, ikutane siku nyingine, ilete pendekezo moja, na mkutano ukubali au ukatae.

Zile dakika saba za mgao wa kazi zisiguswe hata mgeni akichelewa. Wekeni daftari lenye safu nne: kazi, jina, siku na saa, na kitu kitakachoonyesha kuwa imekwisha. "Kutafuta toroli" si kazi, ni matumaini. "Toroli sita za kuazima, zifike sokoni Ijumaa saa kumi jioni, zihesabiwe na katibu" ndiyo kazi. Asiyetajwa jina kwenye safu ya pili hana kazi, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu hatokei Jumamosi.

Kuhusu mara ngapi, utaratibu wa kukutana kila wiki umetoka kwenye klabu kubwa za kimataifa. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu, wakikutana kwa zamu katika ofisi zao, na ndipo jina lilipotoka. Klabu ya Kampala ilifuata mwaka 1957. Hata Rotary yenyewe tangu 2016 imeziruhusu klabu zake kulegeza ratiba, mradi zikutane angalau mara mbili kwa mwezi. Ushauri wetu kwa klabu yenye mradi unaoendelea ni kila wiki. Msipokuwa na mradi, mara mbili zinatosha. Mara moja kwa mwezi hatuipendi, kwa kuwa mwanachama akikosa mkutano mmoja, anakaa siku sitini bila kuwaona wenzake.

Neno juu ya faini. Shilingi 1,000 kwa simu iliyolia au kuchelewa huchangamsha mkutano. Zisimguse mgeni, mwanachama mpya wa mwezi wa kwanza, wala mtu aliyefiwa. Na ziandikwe palepale. Sanduku lisilo na daftari huzaa maneno kabla ya mwezi kwisha.

Michango yetu inatumwa kwenye simu ya mweka hazina. Hatumshuku, lakini kila mwisho wa mwezi hesabu hazilingani na watu wananuniana. — Mwanachama, Arua

Hata mweka hazina mwaminifu kama malaika, pesa ya klabu kwenye laini yake binafsi itaharibika hesabu. Inachanganyika na ya nyumbani, na akipata ajali au akifariki, klabu haina namna ya kuigusa.

Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa. Benki itataka cheti cha usajili, katiba, na kumbukumbu za mkutano uliowachagua watia saini, zikiwa na majina na tarehe. Kama hamjasajiliwa, anzeni na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, muipeleke kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, naye atawaelekeza ngazi ya wilaya. Katiba isiwe ndefu. Kurasa nne au tano zinatosha, mradi zitaje jinsi ya kuchagua viongozi, jinsi ya kuwaondoa, na mali itakwenda wapi klabu ikivunjika.

Hesabu zisizolingana mara nyingi ni makato tu. Kutoa pesa kwenye simu kuna ushuru wa asilimia 0.5 wa serikali, juu ya ada ya mtandao. Ukitoa shilingi 800,000, ushuru peke yake ni 4,000. Asipoandika makato hayo kwenye mstari wake, mweka hazina ataonekana amepungukiwa kila mwezi. Aandike kiasi kilichoingia, kilichotolewa, ushuru, ada, kisha baki.

Gaweni pesa vikapu viwili ambavyo havichanganyiki: uendeshaji, yaani chai, ukumbi na karatasi, inayotoka kwenye ada za wanachama, na huduma, inayotoka kwa wafadhili, harambee na faini. Aliyechangia chemchemi akisikia pesa yake imenunua soda za mkutano hatarudi, na hatutamlaumu. Salio la vikapu vyote viwili lisomwe kwa sauti kila mkutano wa kwanza wa mwezi, vitabu vya risiti vikiwa mezani.

Mwaka jana tulijenga ukuta wa chemchemi na kuweka bomba. Miezi minne baadaye bomba likakauka, maji yakachimbuka pembeni, mita tatu kutoka ukutani. Fundi analaumu simiti. Tunataka kujenga upya. — Mkuu wa miradi, Masaka

Simiti huenda haina kosa lolote. Dalili mliyoieleza ni ya bomba lililowekwa juu kuliko jicho la maji. Jicho ni pale hasa maji yanapotoka kwenye mwamba au udongo mgumu. Ukilazimisha maji yapande sentimita ishirini ili yafikie bomba, unayawekea mzigo. Yatasukuma nyuma, yatatafuta ufa mwingine, na yakishaupata hayarudi kwa urahisi. Mafundi huinua bomba kwa nia njema, ili jerikani iingie chini yake. Jerikani ya lita 20 inahitaji nafasi ya sentimita 50 hadi 60 chini ya mdomo wa bomba. Nafasi hiyo haipatikani kwa kupandisha bomba, inapatikana kwa kuchimba sakafu kwenda chini na kujenga ngazi za kushukia. Kama eneo ni tambarare mno na sakafu haiwezi kushuka bila maji machafu kutuama, basi pale hapafai chemchemi ya bomba, na ni heri kujua kabla ya kununua mfuko wa kwanza.

Kabla ya kubomoa, malizeni mambo mawili ya karatasi na kipimo. Kwanza ardhi. Mko Buganda, kwa hiyo ulizeni kama kipande kile ni cha mailo, yaani ardhi yenye hati ya mmiliki binafsi, na kama kuna mwenye kibanja, yaani mkaaji mwenye haki ya kuishi au kulima juu ya ardhi hiyo. Wote wawili watie saini, mwenye hati na mwenye kibanja, pamoja na LC1, na barua itaje njia ya kupita pamoja na eneo la juu ya chemchemi. Tunasisitiza hili kwa uzito. Chemchemi iliyojengwa kwa ruhusa ya mdomo inaweza kuzungushiwa seng'enge siku shamba likiuzwa, na akina mama wakarudi bondeni kuchota kwenye dimbwi.

Pili, pimeni maji mwisho wa kiangazi, si wakati wa mvua. Elekezeni maji yote kwenye jerikani moja na mhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, mna lita 30 kwa dakika, yaani 1,800 kwa saa. Watu huchota hasa asubuhi na jioni, tuseme saa sita kwa siku, kwa hiyo mna lita 10,800. Kwa lita 20 kwa kila mtu, hayo yanawatosha watu 540. Wakiwa 1,000, foleni itakuwepo hata ukuta ukiwa mzuri, na ni vema kijiji kiambiwe mapema.

Sasa ujenzi. Chimbeni mfereji wa muda wa kuyatoa maji kando ili mfanye kazi pakavu, na katika siku zote za kazi msiyazibe hata kwa usiku mmoja. Fuateni maji kuingia kilimani mpaka muone jicho, au macho, kwa sababu mara nyingi ni mawili matatu. Hata lile lililochimbuka pembeni lifuateni. Kwa kawaida utaona limetoka mahali pamoja na la zamani, na likifunguliwa chini linaweza kurudi.

Msingi wa ukuta ukae juu ya udongo mgumu usiopitisha maji, la sivyo maji yatapita chini yake. Bomba la chuma liwekwe chini kidogo ya jicho. Wekeni la pili kwa kimo kilekile, ili msimu wa mvua maji mengi yapate njia na yasisukume ukuta. Nyuma ya ukuta jazeni mawe makubwa yaliyooshwa, kuanzia kwenye jicho hadi juu yake kidogo. Mawe yenye udongo huziba bomba ndani ya mwaka. Juu ya mawe kokoto, juu ya kokoto udongo wa mfinyanzi uliokandwa kwa miguu, unene wa sentimita 15 hadi 20, au plastiki nene kama udongo huo haupatikani. Kisha udongo wa kawaida na nyasi za paspalamu. Msipande mikaratusi hapo juu: mizizi yake huingia kwenye mawe na mti wenyewe hunywa sana.

Kwa sakafu, zege la ndoo moja ya simiti, mbili za mchanga, nne za kokoto, kwa ndoo ileile. Sakafu ya mita 2 kwa 1.5 yenye unene wa sentimita 10 inakula karibu mifuko miwili ya kilo 50. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Vijana wa kujitolea hupenda kuongeza maji kwa sababu zege laini halichoshi mikono, na zege hilo ndilo linalobanduka kama ganda baada ya mwaka. Funikeni kwa majani ya migomba na kumwagilia siku saba. Hapa ndipo klabu nyingi hufeli: wote wanakuja Jumamosi kuchanganya, na Jumatatu hakuna wa kumwagilia. Andikeni majina saba kwenye lile daftari la safu nne, jina moja kwa kila siku.

Malizieni kwa mtaro wa kukinga maji ya mvua, kama mita 8 juu ya jicho, kina cha sentimita 30 hadi 50, na mfereji wa kutoa maji yaliyomwagika mbali na sakafu, kwa sababu dimbwi hapo litafuga mbu. Wekeni uzio. Pasiwe na choo cha shimo upande wa juu ndani ya mita 30. Na hata hivyo, kama chemchemi iko katikati ya nyumba zilizobanana mjini, ukuta mzuri hausafishi maji yaliyokwisha kuchafuka chini ya ardhi. Mwombeni afisa wa maji wa wilaya ayapime, na watu waendelee kuchemsha.

Kamati ya watumiaji iundwe kabla ya bomba kutoa maji, na akina mama wawe wengi ndani yake. Wao ndio huona ufa wa kwanza, kwa kuwa wapo hapo kila alfajiri.

Tunataka kuandaa siku ya kuchangia damu. Wengi wetu ni Waislamu, na mwezi tuliochagua umeangukia Ramadhani. Tuendelee au tuahirishe? — Mama mratibu, Bombo

Hajati, ahirisheni, lakini chagueni kwa akili. Mtu aliyefunga asichangie damu mchana. Mwili wake hauna maji ya kutosha na anaweza kuzimia. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, tarehe iliyowafaa mwaka jana si ya kunakili. Wiki mbili kabla ya mfungo ni wakati mzuri.

Kama mna uhuru zaidi wa tarehe, tunawasihi mchague likizo za shule. Sehemu kubwa ya damu ya nchi hii hutoka kwa wanafunzi, na wakienda nyumbani, Mei, Agosti na Desemba, akiba hushuka, huku watoto wenye malaria kali na akina mama wanaovuja damu wakati wa kujifungua hawaendi likizo. Klabu ya watu wazima inayochangisha mwezi wa likizo inaziba pengo lenyewe.

Huduma ya damu ya taifa ina makao yake Nakasero, Kampala, na benki za damu za kanda, zikiwemo za Arua, Fort Portal, Gulu, Kitovu, Mbale na Mbarara. Nyinyi Bombo mtashughulika na Nakasero. Waandikieni wiki sita kabla, mtaje mahali na idadi mnayotarajia. Usiwaite watu 200 kwa vitanda vinne. Mtu mmoja hukitumia kitanda kama dakika ishirini, kuanzia kulala hadi kuinuka, kwa hiyo vitanda vinne vinahudumia watu 12 kwa saa, 72 kwa saa sita. Anayengoja kwenye jua kali kwa saa tatu kisha akaambiwa siku imekwisha, hutamwona tena. Wapangieni saa zao kwa makundi.

Mchangiaji awe na umri wa miaka 17 hadi 60 na uzito wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Mwenye mimba, anayenyonyesha, au aliye kwenye dawa asubiri. Kazi yenu ni kuwaambia haya mapema msikitini, kanisani na sokoni, ili asije mtu na shangwe akarudishwa mbele ya majirani.

Jambo moja huwatia watu hofu, nalo ni tone la damu la kidoleni. Mara nyingi muuguzi hulidondosha kwenye maji ya buluu. Likizama haraka, damu yako ina nguvu ya kutosha; likielea au likisitasita, leo hutachangia, nenda ukale mboga za majani, maharage na nyama. Hakuna siri nyingine kwenye chupa ile. Damu yenyewe hupimwa baadaye maabara, virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na majibu ni ya mchangiaji peke yake. Wakataze wanachama wenu kuuliza "umeambiwaje?"

Kila mtu ale na anywe maji nusu lita kabla ya kulala kitandani. Baada ya hapo aketi dakika kumi hadi kumi na tano kivulini na soda na biskuti, chini ya macho ya mtu wenu. Wanaozimia mara nyingi hawazimii kitandani, huzimia wanapoinuka ghafla kuwahi boda. Na msiahidi pesa wala zawadi kubwa, kwa maana anayefuata pesa huficha ugonjwa.

Tulifanya usafi wa mitaro ya soko watu arobaini, kazi ya kutoka jasho. Siku tatu baadaye mtaro ulikuwa umejaa tena. Tumevunjika moyo. — Vijana wa klabu, Jinja

Msivunjike moyo. Bila shaka mlitoa tope mkaliweka ukingoni, mvua ikanyesha, likarudi ndani. Mtaro hausafishwi mpaka tope limeondoka mahali pale. Kwa hiyo lori ndilo kitu cha kwanza kupatikana, si cha mwisho. Andikieni baraza la mji wiki tatu kabla, mpate jibu la maandishi lenye saa ya lori kufika, kisha mtangaze siku. Lori likikosekana, badilisheni siku. Kazi ya kijiji, ile ambayo Waganda huiita bulungi bwansi, wazee walikuwa na utaratibu wa kuifanya kwa vipande vifupi vilivyokamilika, na hilo ni la kuiga: mita 50 zilizomalizika mpaka tope limepanda lori zinashinda mita 300 zilizochimbuliwa.

Kwa watu arobaini, mabeleshi 12, majembe 8 na toroli 6 zinatosha. Zikizidi hapo watu wanagongana. Waliobaki washike fagio, magunia, maji, na kuongoza boda na magari. Anzeni chini ya mtaro mkielekea juu, ili maji mnayoyafungua yapate pa kwenda. Glavu nene kwa kila mtu na gambuti kwa wanaoingia ndani. Sindano ikionekana isiokotwe kwa mkono hata wenye glavu. Tumieni koleo, iingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ipelekwe kituo cha afya.

Chakula: kilo 12 za unga wa posho na kilo 6 za maharage makavu, yaliyolowekwa usiku na kuinjikwa saa kumi na mbili asubuhi. Maji ya kunywa jerikani nne. Maharage yakiinjikwa saa tatu, watu wataondoka na njaa saa saba, na Jumamosi inayofuata mtakuwa kumi na tano.

Kila tarehe 9 Oktoba, Siku ya Uhuru, tunapanda miti 200 kwenye shule. Mwaka jana ilibaki 31. Mbuzi au wanafunzi? — Mwalimu, Gulu

Mwalimu, wa kwanza ni kalenda. Kwenu kaskazini mvua zinaaga Novemba, na kiangazi kinashika hadi Machi. Mche wa Oktoba una wiki chache tu za kushika mizizi, kisha shule inafungwa Desemba na hakuna wa kumwagilia. Siku ya Uhuru chimbeni mashimo, fanyeni sherehe yenu hapo, na miche ipandwe Aprili mvua zikishakolea. Mashimo ya sentimita 45 kila upande, udongo wa juu ukiwekwa kando ili uwe wa kwanza kurudi ukichanganywa na beleshi la samadi iliyooza.

Siku ya kupanda, kagueni nailoni. Katika haraka ya kupiga picha miche hutumbukizwa na mfuko wake, na mizizi huzunguka humo kama uzi kwenye kibonge mpaka mti unakufa ukiwa na kimo cha goti. Ng'oeni mmoja wa ile iliyokauka mtazame chini yake, huenda mkaikuta. Mwanafunzi apasue mfuko kwa wembe, ashike udongo usimong'onyoke, na mwalimu akusanye nailoni zote na kuzihesabu mwishoni. Miche 200, nailoni 200.

Mbuzi ni kweli nao, na mchwa pia. Uzio wa matawi ya miiba kuzunguka kila mche unafaa kwa mbuzi; msiuache ugusane na shina, kwa sababu miti mikavu huita mchwa. Mwarobaini na mwembe vinastahimili kiangazi cha kwenu. Na punguzeni hesabu: pandeni 60, kila mche na watoto watatu wenye majina kwenye kibao, mmoja wao akiwa anakaa karibu na shule ili likizo imkute yupo.